Polepole na Maji Yaliyokataa Kuchafuka

Wanafunzi wake wa zamani ndio waliombandika jina la Polepole, na jina likamganda. Alikuwa akifundisha kemia shule ya sekondari, na kila kengele ya kumaliza kipindi ilipolia, yeye ndiyo kwanza anafuta ubao. Hakuwa mvivu. Alikuwa tu mtu wa kufanya jambo moja mpaka liishe, kisha kulitazama tena kama limeisha kweli. Akimenya chungwa, ganda linatoka zima kama utepe. Akifunga mlango, anashuka ngazi, anapanda tena kuusukuma. Mume wake alikuwa kinyozi mwenye duka la viti viwili chini ya jengo walimokaa, na alipenda kuwaambia wateja kwamba akianza kunyoa kichwa wakati mkewe anaanza kuvaa viatu, kichwa kitaisha kwanza, tena kitakuwa kimeshapakwa poda.

Alipofika miaka arobaini na kidogo, Polepole aliaga shule akarudi chuo kikuu kusomea shahada ya uzamivu. Wengi walishangaa. Kinyozi hakushangaa hata kidogo.

"Acheni aende," alisema, huku mashine yake ya kunyolea ikinguruma. "Nasikia huko kuna kazi ambazo ukiziharakisha zinaharibika. Mimi nilishaoa mtu wa kazi hizo."

Nyumbani walikuwa watatu, kwa kuwa binti yao pekee alikuwa bwenini shuleni: Polepole, kinyozi, na mama yake kinyozi, mjane wa miaka sitini na kitu mwenye sauti ya kumwita muuza mboga kutoka ghorofa ya tatu akasikia kabla hajavuka barabara. Mama mkwe huyo alimpenda Polepole kuliko alivyokiri, na alikuwa na tabia ya kumhoji akiwa anakunywa chai ya asubuhi, maana alijua hapo hawezi kukimbia.

"Hivi mwanangu, huko kazini unafanya nini hasa? Majirani wananiuliza, nawajibu kwamba uko kwenye mwanga. Sasa sijui kama ni umeme au ni dini."

Polepole akaweka kikombe chini. Asubuhi ile jua lilikuwa limepenya katikati ya pazia, likachora mstari mweupe kutoka dirishani hadi kwenye kabati, na ndani ya mstari vumbi lilikuwa likielea.

"Mama, unaona vile vidoa vinavyometa?"

"Naviona. Nilifagia jana, usinitafutie maneno."

"Sisemi hivyo. Vumbi lile hulioni bila huo mwanga. Mwanga ukiligonga, unatawanyika kila upande, mwingine unakujia machoni. Ndiyo kazi yangu. Ila mimi nina chembe ndogo mno, ndogo kuliko vumbi mara elfu na zaidi. Nazitia majini, napitisha leza, kisha mashine inatazama mwanga unavyometameta. Chembe ndogo zinasukumwasukumwa na maji, zinacheza haraka, na mwanga unameta haraka. Chembe kubwa ni nzito kuchezeshwa, mwanga wake unameta taratibu. Kwa huo mmeto najua ukubwa wake bila kuziona."

"Na hili vumbi letu nalo linasukumwa na maji?"

"Hapana, hilo ni upepo tu wa chumbani. Lakini sura ni hiyohiyo."

Mama mkwe alifikiri. "Kwa hiyo unalipwa kuangalia vumbi."

"Nalipwa kulikimbia, mama. Punje moja ya vumbi ikiingia kwenye kichupa changu, mashine inaona mlima, haizioni chembe zangu tena."

Huo ulikuwa ukweli mtupu. Mashine ya kupimia mtawanyiko wa mwanga ilikaa kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, mwisho wa korido, imefunikwa kitambaa cheupe. Hakuna aliyeingia mle na viatu vya nje. Watu walizungumza kwa upole, walifunga mlango kwa kiganja, na kabla ya kuihudumia walinawa mikono kama wanaokwenda kubeba mtoto mchanga. Mtafiti mwenzake Polepole, mwanamke mcheshi aliyewahi kuwa mfamasia na ambaye kila mtu aliendelea kumwita Mfamasia, ndiye aliyeipa jina. Aliiita Bibi Harusi. "Imejifunika nyeupe, haitaki kuguswa, na sisi sote tunazunguka kuipepea," alisema, na jina likaenea hadi kwa walinzi wa getini.

Swali alilopewa Polepole na Profesa wake lilisikika jepesi. Duniani kote watu wanatafuta namna ya kupakia dawa kwenye chembe ndogo zitakazosafiri katika damu hadi panapouma. Lakini damu imejaa protini, na protini haziachi kitu kigeni kipite hivihivi. Zinakirukia, zinakivaa, zinakigeuza kitu kingine. Kabla ya kuitupa chembe katika bahari hiyo ya protini, Profesa alitaka ijulikane inavyokuwa ikikutana na protini ya aina moja tu. Wakachagua chembe za silika, ndugu wa mchanga na kioo, na protini iliyosafishwa kutoka kwenye ute wa yai, unga mweupe uliokaa ndani ya jokofu.

"Na kiini mnakitupa?" mama mkwe aliuliza alipoambiwa.

"Unga unakuja umeshatengenezwa, mama."

"Basi kuna mahali kuna watu wanakula viini kwa ndoo."

Polepole alitarajia kuona hivi: chembe iliyo uchi ina upana wake; ikivaa koti la protini inanenepa kidogo; mmeto wa mwanga unapunguza kasi kidogo; tofauti ya hapo na pale ndiyo unene wa koti. Alichokiona ni vurugu. Kila alipodondosha protini kwenye maji ya chembe, maji yaliyokuwa maangavu kama ya chemchemi yalianza kupauka, yakawa kama yaliyosuuziwa glasi ya maziwa, na Bibi Harusi akatoa namba kubwa za ajabu. Chembe zilikuwa zimeshikana mabonge. Ukiwa na bonge huwezi kupima koti la chembe moja.

Akafanya kile ambacho mtu kama yeye angefanya. Akapunguza mwendo. Alidondosha tone, akakoroga, akasubiri. Tone lingine, akakoroga, akasubiri. Alichuja maji mara mbili, kisha akachuja chujio lenyewe, kama Mfamasia alivyomtania. Maji yakachafuka. Akapunguza matone yawe madogo zaidi. Yakachafuka zaidi. Miezi ikapita hivyo, na kwenye vikao vya maabara alianza kukaa karibu na mlango.

"Labda ndivyo zilivyo," Profesa alimwambia siku moja, si kwa ukali. "Labda silika na protini hii haziwezi kukaa pamoja bila kugandana. Hilo nalo ni jibu."

"Ni jibu," alikubali Polepole. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani alitembea kama mtu aliyeambiwa mtoto wake ana sura ya kawaida.

Wakati yeye anahangaika na mabonge, nyumbani kulikuwa kunapikwa jambo lingine. Mama mkwe alikuwa amepeleka saa ya ukutani kutengenezwa. Ikatengenezwa. Wiki iliyofuata ikaharibika tena. Ikatengenezwa tena. Polepole, ambaye macho yake yalizoea kuona kitu kinavyobadilika kidogokidogo, aligundua kwamba kila saa ile inapoharibika mama mkwe anapaka mafuta mikono na kuvaa hereni. 

Jumapili moja, wakiwa mezani, mama mkwe alifuta mdomo akasema, "Fundi saa ameniomba nimwoe. Yaani anioe. Nimekubali. Tarehe tumeshachukua kwa msajili wa ndoa."

Kinyozi alibaki na kijiko hewani.

"Fundi saa yupi?"

"Wa pale kona."

"Yule mwenye kipara?"

"Mbona kipara ndicho ulichokiona? Mtu ana roho, ana duka, ana meno yake yote."

Kinyozi alisukuma sahani. Alisema watu watasema nini. Alisema mama yake hakosi chochote hapa nyumbani. Alisema mengi, na mwisho, alipoishiwa hoja, akasema kwamba mtu asiye na hata unywele mmoja atamfaidia nini mwanawe wa kambo aliye kinyozi. Polepole aliuma mdomo asicheke, maana aliona mumewe ana uchungu wa kweli. Baba yake alikuwa amefariki miaka michache tu iliyopita, na kinyozi alikuwa bado hawezi kulitaja jina lake bila kukohoa kwanza.

"Mimi siji," alisema. "Nendeni wenyewe."

Mama yake akamrudishia sahani mbele yake. "Sawa, mwanangu. Sikulazimishi." Kisha akamgeukia mkwewe. "Lakini nahitaji shahidi. Utasimama na mimi?"

"Nitasimama, mama."

"Saa nane kamili. Msajili hasubiri mtu. Nakuomba siku hiyo tu, siku hiyo moja, utembee kama watu wengine."

Polepole akaapa.

Siku yenyewe ilikuwa ya kazi, na kwa bahati mbaya ndiyo siku ya mwisho ya kuitumia Bibi Harusi kabla leza yake haijang'olewa kwenda kufanyiwa matengenezo, ambako ingekaa muda usiojulikana. Polepole alikuwa amepanga vizuri: apime asubuhi, aondoke mapema, afike akiwa na jasho kidogo tu. Akavaa gauni la sherehe kabisa, la rangi ya bluu, juu yake koti jeupe la maabara, viatu virefu akavitia mfukoni mwa begi. Lakini asubuhi umeme ulikatika. Ulirudi jua likiwa utosini, na leza nayo ilihitaji muda wa kutulia kabla ya kuaminika.

"Nenda zako harusini," Mfamasia alimwambia. "Mabonge yako hayaendi popote."

"Nipime mara moja tu. Moja."

Hakukuwa na nafasi ya matone. Mezani alikuwa na kichupa cha protini, nyingi tu, aliyoiyeyusha kwa kazi ya siku nzima, na kichupa kingine cha chembe. Polepole alijua jinsi mambo yatakavyokuwa: maji yatachafuka. Ila heri kuipima vurugu kuliko kuondoka bila kupima chochote. Akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aingie maabara ile. Akavuta chembe zote kwenye pipeti, akazimimina kwenye ile protini nyingi kwa mkupuo mmoja, puu, akatikisa, akachota kidogo kwenye kichupa chembamba cha mraba, akakitia ndani ya mashine. Kisha akainama kuvaa viatu, sheria ya chumba akiisahau.

Alipoinuka, alikitupia jicho kile kichupa kikubwa kilichobaki mezani.

Maji yalikuwa maangavu.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba amesahau kutia chembe. Akatazama pipeti, ilikuwa tupu. Akatazama kwenye kompyuta. Kama mle kungekuwa na protini peke yake, mwanga ungekuwa hafifu, na mmeto wake wa kasi kupindukia. Mwanga ulikuwa mwingi. Chembe zilikuwepo. Lakini namba ya mashine haikuwa ya mabonge. Ilikuwa juu kidogo tu ya ile ya chembe iliyo uchi. Nanomita chache. Kiasi cha protini moja kusimama upande huu na nyingine upande ule.

Simu ikaita. Alikuwa mama mkwe.

"Uko wapi?"

"Nakuja, mama. Natoka."

Alikuwa anasema kweli. Mkono mmoja ulikuwa umeshashika begi. Lakini macho yalibaki kwenye kichupa, na yeye, mtu anayerudi kuusukuma mlango aliokwisha kuufunga, angewezaje kuondoka hapo? Akaweka begi chini. Akachukua kichupa kipya, akatoa chembe na protini nyingine, akachuja maji upya, akamimina tena vilevile, chembe ndani ya protini. Maangavu. Namba ileile. Akachukua kingine, safari hii kwa njia yake ya zamani, protini tone kwa tone ndani ya chembe. Yakapauka kabla hajafika tone la nne.

"Mfamasia!" aliita, na sauti yake ilimshtua hata yeye. "Njoo uone!"

Mfamasia alikuja mbio, akaona vichupa vitatu vimepangwa, viwili vyangavu kama hewa na kimoja kama maji ya mchele. Akavitazama, akamtazama Polepole na gauni lake la bluu, akatazama saa ya ukutani.

"Dada," alisema, "si unaoza mtu leo?"

Kwa msajili wa ndoa, foleni ilikuwa ndefu na kiyoyozi kilikuwa kimekufa. Mama mkwe alikuwa amekaa wima kwenye benchi, kitambaa chepesi cheupe kichwani. Kando yake fundi saa, mtu mkimya mwenye suti ya kijivu na kipara kilichong'arishwa, alikuwa akichungulia saa yake ya mkononi, kisha saa ya ofisi, na kutikisa kichwa kwa kuwa hazikupatana. Kaka yake, aliyekuja kuwa shahidi wa upande wake, alikuwa ameshaanza kusinzia.

Mlango ukafunguliwa. Msajili, mama mnene mwenye miwani ya kuning'inia kwa mnyororo, akawaita ndani.

"Shahidi wa bibi harusi yuko wapi?"

"Yuko njiani," akasema mama mkwe.

"Njiani wapi? Nina watu kumi nyuma yenu."

"Yuko kwa Bibi Harusi mwingine. Atamfunika tu, aje."

Msajili alivaa miwani ili amwone vizuri. "Ana harusi mbili leo?"

"Huyo mwingine ni mashine."

Msajili alivua miwani. Aliamua kwamba hili halimo kwenye mshahara wake. "Sikiliza, mama yangu. Shahidi anaweza kuwa mtu yeyote mzima mwenye kitambulisho. Pale koridoni yupo bwana amekuja kutafuta cheti cha kuzaliwa. Tumwombe atie sahihi, tumalize."

Mama mkwe aligeuka kumchungulia bwana huyo. Fundi saa akamgusa mkono. "Kama unataka tusubiri, tutasubiri. Hata tukirudi kesho."

"Mpita njia?" alisema mama mkwe, kama anayejiambia mwenyewe. "Mimi nina mtoto." Na akatoa simu.

Kinyozi alikuwa katikati ya kichwa cha mteja. Siku nzima alikuwa amenyoa bila kuzungumza, jambo ambalo wateja walilichukulia kama ugonjwa. Aliipokea simu kwa kidole kidogo.

"Mkeo hajafika," mama yake alisema.

"Si nilijua."

"Basi wanataka kumchukua mtu wa koridoni awe shahidi wangu."

"Mtu gani?"

"Simjui. Ana shati la mistari. Amekuja kufuata cheti cha kuzaliwa."

Mashine ya kunyolea ikazimwa. Duka zima likasikiliza.

"Mwambieni asiguse kalamu," alisema kinyozi. "Nakuja."

Ofisi ya msajili ilikuwa mitaa miwili tu kutoka pale, na kinyozi aliimaliza kwa mbio, aproni ikipepea, nywele za watu zikiwa zimemganda mikononi. Nyuma yake alikuja mteja, upande mmoja wa kichwa umenyolewa safi na upande mwingine kichaka, kwa sababu alikuwa amekataa katakata kuachwa. "Mimi sibaki dukani hivi," alikuwa akisema kwa kuhema. "Utakapokwenda ndipo na mimi nitakapokwenda."

Walipoingia ofisini, msajili aliwatazama wote wawili, akauliza kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa, "Shahidi ni yupi kati yenu?"

"Ni mimi," alisema kinyozi. "Ni mama yangu."

Alisema hivyo tu, akakohoa. Mama yake hakumtazama, maana alijua akimtazama wote wawili wataharibikiwa mbele za watu. Alimsogezea tu kalamu. Kinyozi akajifuta mikono kwenye aproni, akatia sahihi, kubwa kuliko nafasi iliyokuwepo.

Fundi saa akamnyooshea mkono. "Asante kwa kuja, bwana."

"Nimekuja kwa ajili ya mama," alisema kinyozi, bado ana ukakasi.

"Hata mimi," alijibu fundi saa. "Nimekuja kwa ajili ya mama yako."

Kinyozi alijitahidi asicheke. Alishindwa.

Polepole alishuka kwenye teksi wakati wao wanapiga picha kwenye ngazi za nje. Alikuwa na koti la maabara juu ya gauni la bluu, na glavu moja ya mpira mkononi. Aliwaona wote wamejipanga, mumewe katikati na aproni yake, na kandokando mtu asiyemjua mwenye nusu ya nywele. Akaelewa kwamba yamekwisha. Machozi yakamtoka palepale.

"Mama, nisamehe. Niliapa. Niliapa kabisa."

Mama mkwe akashuka ngazi mbili, akamkumbatia na koti lake lote.

"Nyamaza wewe. Umechelewa vizuri," alimnong'oneza sikioni. "Ungewahi, yule asingekuja."

Kinyozi naye alikuwa ameshuka ngazi. "Mke wangu, ulikuwa wapi lakini?"

"Maji hayakuchafuka," alisema Polepole, akijifuta pua kwa mkono usio na glavu.

"Maji gani?"

Akaeleza, palepale ngazini, taratibu, kuanzia mwanzo. Fundi saa alisikiliza kwa makini kuliko wote. Maelezo yalipofika kwenye kichupa cha tatu, mteja mwenye nusu kichwa akauliza, "Sasa kwa nini?" Na Polepole akakiri kwamba hajui.

Alikuja kujua baadaye, kwa njia anayoipenda yeye. Leza ilikaa kwa mafundi hadi watu wakaanza kuisahau sura yake. Iliporudi, Profesa alisikiliza habari nzima akiwa amekunja mikono.

"Matokeo ya mtu aliyevaa viatu vya harusi siyaamini," alisema. "Arudie mtu mwingine, bila kuambiwa kipi ni kipi."

Mfamasia akarudia. Vichupa vilivyomiminwa kwa mkupuo vikabaki vyangavu. Vya matone vikachafuka. Profesa akaja mwenyewe chumbani kwa Bibi Harusi, akavua viatu, akarudia kwa mikono yake. Aliyaangalia maji yale kwa muda mrefu, kisha akasema neno moja tu, "Haya," na kwa wanaomjua Profesa, hiyo ilikuwa nderemo.

Sababu ilikuwa nyepesi kuielewa baada ya kuijua. Silika ina chaji hasi, na protini ile ina chaji chanya, kwa hiyo zinapendana. Protini zikiwa chache, moja inaishika chembe hii kwa mkono mmoja na chembe ile kwa mkono mwingine, kama gundi. Tone kwa tone, kwa uangalifu wake wote, Polepole alikuwa anazipa chembe gundi kidogokidogo na nafasi ya kutosha ya kushikana. Lakini chembe ikitumbukia ghafla mahali penye protini tele, inavikwa mwili mzima kabla haijakutana na mwenzake. Na iliyokwisha kuvaa haishikani tena na iliyovaa. Zote mbili sasa ni chanya, zinasukumana. Hapo ndipo koti linapopimika. Na zile protini zilizobaki bila kazi ni ndogo mno. Mwanga wake humezwa na mwanga wa chembe.

"Kwa hiyo miezi yote ile nilikuwa nazigandisha mimi mwenyewe," alimwambia Mfamasia.

"Kwa ustadi mkubwa," Mfamasia alimfariji.

Alitumia karibu mwaka mzima kutafuta ni wapi hasa gundi inageuka kuwa koti, akipima kiasi hiki na kiasi kile, na hapo mwendo wake ulimfaa, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa na subira ya kurudia kitu kimoja namna ile. Siku ya kutetea tasnifu yake, mtahini mgeni alimuuliza kilichompa wazo la kugeuza mpangilio wa kuchanganya. Polepole alifikiria kwanza, kama kawaida yake, mpaka watu wakaanza kujikohoza.

"Nilikuwa nachelewa harusi ya mama mkwe," alisema.

Ukumbi ulicheka, na mtahini naye akacheka, kisha akataka kujua kama mama mkwe yupo. Alikuwepo, safu ya mbele, na fundi saa wake. Alisimama akapunga mkono bila kuombwa mara mbili.

Sasa Polepole ana kazi ya kudumu katika maabara ileile, na ameanza kutumia protini za aina mbili kwa pamoja, ambazo anasema zinagombania chembe moja kama abiria wanaogombania kiti cha dirishani. Bado hajui ipi inashinda. Inategemea joto, inategemea chumvi, na siku nyingine anahisi inategemea alivyoamka. Kinyozi ndiye anayeieneza habari hiyo mtaani. Huwaambia wateja kwamba mke wake huzivalisha punje za mchanga makoti ya mayai kwa kutumia mwanga. Si hivyo hasa, na Polepole ameshamsahihisha, lakini mumewe anasema hivyo ndivyo inavyonoga.

Juzi mteja mmoja alimuuliza kutoka kitini, macho yamefumbwa na povu masikioni, kama hilo koti la yai linaweza kusaidia mba.

Kinyozi alisimamisha mkono akafikiri.

"Nitamuuliza," alisema. "Lakini ujue jibu halitakuja leo."